Deni halifi kwa janga: Sheria ya Kiislamu inavyohukumu mikataba nyakati za maradhi

MFANYABIASHARA wa nafaka anafika Chebunyo mwezi wa Februari na kumlipa mkulima pesa taslimu kwa magunia 20 ya mahindi yatakayokabidhiwa mwezi wa Agosti. Kabla ya mavuno, maradhi yanazuka. Huenda yakawa ni maradhi ya watu, barabara zikafungwa na soko likapigwa marufuku. Huenda pia yakawa ni maradhi ya mimea yenyewe, mahindi yakakauka shambani yakiwa bado mabichi. Je, pesa zilizokwisha kulipwa ni za nani?

Swali hili si la kubuni tu. Chebunyo iko katika eneo bunge la Chepalungu, Kaunti ya Bomet, upande ulio mkavu kuliko nyanda za chai za Kericho na Bomet, na wakazi wake hutegemea zaidi mahindi na mifugo. Ni katika kaunti hiyo hiyo, eneo la Longisa, ambako ugonjwa hatari wa mahindi ujulikanao kwa kifupi kama MLN uligunduliwa kwa mara ya kwanza nchini Kenya mnamo Septemba 2011, kabla ya kuenea kwingineko nchini na katika mataifa jirani.

Miaka tisa baadaye likaja janga la watu. Machi 2020 Kenya ilithibitisha mgonjwa wake wa kwanza wa virusi vya corona. Katika wiki chache zilizofuata shule zilifungwa, ibada za pamoja zikasitishwa misikitini na makanisani, kafyu ikatangazwa, na kaunti nyingi zikafunga masoko ya wazi. Ahadi zilizokuwa zimeandikwa, na zile zilizopeanwa kwa mkono tu, zikawa hazitimiziki.

Waislamu ni wachache katika nchi ya Wakipsigis, lakini biashara haijui mipaka ya dini. Muuzaji akiwa Mwislamu na mnunuzi Mkristo, au kinyume chake, wote wawili hupata faida kujua sheria ya Kiislamu inasemaje kuhusu hasara isiyosababishwa na yeyote kati yao.

Msingi wa mambo

Msingi wa kwanza ni kwamba mkataba hutimizwa. Sura ya tano ya Kurani, al-Maida, hufunguka kwa amri ya kutekeleza ahadi. Aya ya 282 ya sura ya al-Baqara, iliyo ndefu kuliko zote, inaagiza deni la muda liandikwe na lishuhudiwe. Hivyo basi, kuzuka kwa maradhi peke yake si ruhusa ya kukana maandishi.

Msingi wa pili uko katika sura hiyo hiyo ya al-Baqara, aya ya 280: mdaiwa aliye katika dhiki apewe muda mpaka apate wepesi, na kumsamehe ni bora zaidi. Wanazuoni wameijengea aya hii tofauti moja iliyo muhimu mno. Kumpa muda asiye na uwezo ni wajibu wa mdai. Kumsamehe ni hisani yake. Janga basi linaweza kusogeza tarehe ya malipo, lakini halipunguzi kiasi cha deni.

Juu ya misingi hiyo kumejengwa kanuni za jumla ambazo Dola ya Uthmaniya ilizikusanya katika Majalla, kitabu cha sheria za madai kilichokamilika mwaka 1876. Miongoni mwazo ni kwamba mashaka huleta wepesi, kwamba hakuna kudhuru wala kulipizana madhara, na kwamba dharura hupimwa kwa kadiri yake. Kanuni ya mwisho humzuia mdaiwa kujificha nyuma ya janga ilhali yeye mwenyewe ana mali.

Mazao yakiharibika

Kuhusu mazao, wanazuoni wa kale waliacha mlango mzima wa elimu unaoitwa jaiha, yaani pigo la mbinguni: baridi, ukame, nzige au ugonjwa unaoangamiza matunda baada ya kuuzwa yakiwa bado mtini. Katika Sahihi Muslim imepokewa kutoka kwa Jabir kwamba Mtume alimkataza muuzaji kuchukua chochote kwa mnunuzi ambaye matunda yake yamepatwa na pigo la namna hiyo.

Madhehebu yalitofautiana katika kuifasiri riwaya hiyo. Kwa Wamaliki, hasara ya matunda ikifikia theluthi humrudia muuzaji. Wahanbali huirudisha kwa muuzaji hata ikiwa ndogo, maadamu imezidi upotevu wa kawaida. Wahanafi, pamoja na kauli mpya ya Imamu Shafii, huona kwamba mnunuzi akishaachiwa mazao basi hasara ni yake, na kwamba kumpunguzia bei ni jambo la kupendeza wala si la lazima.

Waislamu wengi wa Afrika Mashariki hufuata madhehebu ya Shafii. Kwa hivyo, aliyenunua mahindi yaliyokomaa shambani na akaachiwa ayavune, kisha yakaharibika kabla hajayavuna, asitarajie kuwa kila sheikh atamwamuru mkulima arudishe pesa. Atakachokiuliza sheikh kwanza ni iwapo mazao yalikuwa yamekwisha kukabidhiwa.

Lakini mfanyabiashara wa Februari hakununua mahindi yaliyosimama shambani. Alilipa mbele kwa nafaka itakayokuja. Hiyo huitwa biashara ya salam, ambayo sheria imeiruhusu ili mkulima apate mtaji kabla ya mavuno. Masharti yake ni kwamba bei yote ilipwe papo hapo, na aina, kiasi, ubora na tarehe ya makabidhiano vitajwe waziwazi.

Sharti jingine, ambalo wengi hulisahau, ni kwamba mahindi yatajwe kwa sifa tu, yasifungwe kwenye shamba dogo maalumu. Sababu yake ni hii hii ya pigo: shamba moja laweza kuangamia lote. Mkataba unaosema "mahindi ya shamba hili la mtoni" hauswihi kwa wanazuoni wengi, na pesa hurudishwa kama zilivyotolewa.

Ikiwa mkataba ulitaja magunia 20 ya kilo 90 kwa sifa zake, na shamba la mkulima likaangamia ilhali mahindi ya sifa hizo yapo katika masoko ya karibu, mkulima atayatafuta ayalete, hata kama bei imepanda. Iwapo ugonjwa umeyaondoa mahindi hayo sokoni, au njia zimefungwa yasipatikane, mnunuzi ana hiari mbili: kungoja hadi yapatikane, au kuvunja mkataba na kurudishiwa pesa alizotoa. Hana haki ya kudai nyongeza hata senti moja juu ya mtaji wake, kwani nyongeza hiyo ni riba.

Vipi basi endapo utekelezaji unawezekana lakini gharama yake imekuwa ya kumfilisi mtu? Baraza la Fikihi la Makka, lililo chini ya Jumuiya ya Ulimwengu wa Kiislamu, lililitolea jambo hilo uamuzi mwaka 1982. Kuhusu mikataba ya muda mrefu, kama ile ya ujenzi na ya kupeleka bidhaa, lilisema kwamba hali ikibadilika ghafla kwa sababu zisizotazamiwa, na mmoja akakabiliwa na hasara kubwa isiyotokana na uzembe wake, kadhi anaweza kurekebisha haki na wajibu wa pande mbili ili hasara igawanywe kwa uadilifu, au kuuvunja mkataba kwa fidia ya haki. Fikra ya namna hiyo ilikuwa imekwisha kuingizwa katika sheria ya madai ya Misri ya mwaka 1948, iliyoandikwa chini ya uongozi wa mwanasheria Abd al-Razzaq al-Sanhuri.

Kodi ya duka na safari ya Hija

Mkataba wa kukodi, uitwao ijara, ni uuzaji wa manufaa. Mpangaji hanunui kuta za duka bali hununua matumizi yake. Ndiyo maana swali kuu wakati wa janga ni kama matumizi hayo yalikuwapo au la.

Ibn Qudama, mwanachuoni wa Kihanbali aliyefariki mwaka 1223, aliandika katika kitabu chake al-Mughni kwamba ikizuka hofu ya jumla inayowazuia watu kukaa mahali palipo na nyumba iliyokodiwa, mpangaji ana haki ya kuvunja mkataba. Wahanafi hupanua zaidi, wakiruhusu ijara ivunjwe kwa udhuru unaompata mmoja wa wahusika. Washafii hubana: maadamu chumba kipo na kinaweza kutumika, udhuru wa mpangaji peke yake hauondoi kodi.

Kwa mizani hiyo, mwenye kibanda ndani ya soko lililofungwa kwa amri ya serikali ana hoja nzito kuliko mwenye duka la barabarani ambalo liliruhusiwa kufunguliwa lakini wateja wakapungua. Wa kwanza alinyimwa manufaa yenyewe. Wa pili alipungukiwa na faida, na faida haikuwa sehemu ya alichokodi.

Hija ilitoa mfano mwingine. Mwaka 2020 Saudi Arabia iliruhusu idadi ndogo sana ya mahujaji waliokuwa tayari ndani ya nchi hiyo, na mwaka 2021 ikaruhusu wakazi wake 60,000 pekee. Waliokuwa wamelipa nauli na malazi kutoka Kenya hawakuweza kwenda. Kwa kuwa huduma iliyolipiwa haikupatikana, asili ya hukumu ni pesa kurudishwa, au safari kuahirishwa kwa ridhaa ya mlipaji. Ada iliyozuiwa isirudishwe bila ya huduma yoyote kutolewa huwa ni mali iliyochukuliwa bila haki.

Deni na riba

Hapa ndipo penye jaribu kubwa. Kabla ya Uislamu, mdai wa Makka alipofikiwa na tarehe ya malipo alimpa mdaiwa hiari ya kulipa au kuzidisha deni. Kuuza muda kwa namna hiyo ndiko kulikopigwa marufuku kama riba. Kwa hiyo deni linaloahirishwa kwa sababu ya maradhi huahirishwa likiwa kiasi kile kile.

Mnamo Machi 18, 2020, Benki Kuu ya Kenya ilitangaza hatua za kuwapa nafuu wakopaji waliokuwa wakilipa mikopo yao ipasavyo kufikia Machi 2, 2020. Waliruhusiwa kuafikiana na benki zao kuhusu kuongezewa muda, na hatua hizo zilimalizika Machi 2, 2021. Katika benki za kawaida, kuongeza muda mara nyingi humaanisha riba inaendelea kuhesabiwa.

Benki zinazofuata sharia zina utaratibu tofauti. Nchini Kenya, Gulf African Bank na First Community Bank zilianza kazi mwaka 2008, na hii ya pili iliingia mikononi mwa Premier Bank ya Somalia mwaka 2023. Katika mauzo ya murabaha, benki hununua bidhaa na kumuuzia mteja kwa bei yenye faida inayojulikana. Bei hiyo ikishaafikiwa haiongezeki, hata malipo yakichelewa mwaka mzima. Viwango vya AAOIFI, taasisi ya Bahrain inayoweka kanuni za fedha za Kiislamu, huruhusu mteja kuahidi mapema kwamba akichelewesha kwa makusudi atatoa sadaka, lakini pesa hizo huenda kwa masikini wala haziingii katika faida ya benki.

Sheria hutenganisha wadaiwa wawili. Asiye na kitu hupewa muda, wala hafungwi jela kwa umasikini wake. Mwenye uwezo anayechelewesha ni dhalimu, na kadhi anaweza kumlazimisha alipe hata kwa kuuza mali yake. Anayedai kuwa hana kitu ilhali alijulikana kuwa na mali hutakiwa kuleta ushahidi.

Imepokewa katika Sahihi Muslim kwamba mtu mmoja zama za Mtume alipata hasara katika matunda aliyoyanunua, madeni yakamlemea. Mtume aliwataka watu wamchangie sadaka. Michango ilipopungua kuliko deni, aliwaambia wadai wachukue kilichopatikana, na kwamba hawana zaidi ya hicho. Katika tukio hilo jamii ilibeba sehemu ya mzigo na wadai wakabeba nyingine, wala mdaiwa hakuachwa peke yake.

Mtaji wa shirika

Watu wawili wanapoungana, mmoja akatoa mtaji na mwingine akafanya kazi, mkataba wao huitwa mudharaba. Mathalani, tajiri humpa kijana pesa anunue ng'ombe na kuwapeleka mnadani, wagawane faida nusu kwa nusu. Karantini ikitangazwa kwa ugonjwa wa mifugo na ng'ombe wakafa au wakauzwa kwa hasara, upungufu huangukia mtaji. Kijana amepoteza jasho lake, wala halipi kilichopotea isipokuwa kama alizembea au alivunja masharti. Sharti la kumtaka adhamini mtaji kwa kila hali ni batili, kwa maana linaugeuza ushirika kuwa mkopo wenye faida.

Zaka wakati wa dhiki

Zaka nayo ni wajibu wa kifedha, na janga haliiondoi kwa aliyefikia kiwango. Mfugaji Mwislamu mwenye ng'ombe 30 wanaochunga malishoni kwa mwaka mzima hutoa ndama mmoja aliyetimiza mwaka. Mahindi yakifikia takribani kilo 650, yaani zaidi kidogo ya magunia saba, hutolewa sehemu moja ya kumi ikiwa yalitegemea mvua. Kilichoangamia kabla ya kuvunwa hakihesabiwi. Majani ya chai, kwa Washafii, hayana zaka ya mazao kwa kuwa si chakula kikuu cha kuhifadhiwa. Zaka hutolewa katika pesa zake zikibaki mwaka na kufikia kiwango.

Historia inaonyesha kuwa hata zaka iliwahi kungojewa. Mwaka wa 18 Hijria, ambao pia ni mwaka wa tauni ya Amwas iliyoua masahaba wengi huko Shamu, Bara Arabu ilikumbwa na ukame mkubwa. Inapokewa kwamba Khalifa Umar bin al-Khattab hakuwatuma wakusanyaji wa zaka mwaka huo, na aliwatuma baada ya neema kurejea. Kwa upande mwingine, wanazuoni wengi huruhusu tajiri kuitanguliza zaka kabla ya mwaka kutimia ili kuwafaa wenye shida. Miongoni mwa mafungu manane ya wanaostahiki zaka wamo waliolemewa na madeni.

Mali ya mgonjwa na ya marehemu

Mtu aliye katika ugonjwa wa mauti hana uhuru kamili wa kugawa mali yake. Zawadi anazozitoa hupita katika theluthi moja tu ya urithi, kama ulivyo wasia, ili warithi na wadai wasidhulumiwe. Wanazuoni walijadili kama hukumu hiyo humhusu pia mzima aliye katika mji uliovamiwa na tauni. Wako waliosema kuwa inamhusu, kwani kila mmoja yumo hatarini. Ibn Hajar al-Asqalani, aliyefiwa na mabinti zake kwa tauni huko Misri na kuandika kitabu mahsusi kuhusu maradhi hayo, ni miongoni mwa walioshughulikia masuala ya aina hiyo.

Akishafariki mtu, mpangilio haubadiliki kwa sababu ya wingi wa vifo: gharama za maziko kwanza, kisha madeni, kisha wasia usiozidi theluthi, na mwisho warithi. Ndugu wawili wakifa pamoja isijulikane nani alitangulia, kwa wanazuoni wengi hawarithiani. Kila mmoja hurithiwa na walio hai.

Nani ataamua?

Yote yaliyotangulia ni elimu ya fikihi. Mahakamani, mambo yana mipaka yake. Kifungu cha 170 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinaipa Mahakama ya Kadhi mamlaka juu ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi pekee, tena pale ambapo wahusika wote ni Waislamu na wamekubali mamlaka hayo. Mwanamke anayedai matumizi kwa mume aliyepoteza kazi, au warithi wanaogombania deni la marehemu, wanaweza kufika kwa kadhi. Mahindi ya Chebunyo hayamo.

Mzozo wa mahindi huamuliwa kwa Sheria ya Mikataba ya Kenya, ambayo hutegemea mapokeo ya sheria ya Uingereza. Mapokeo hayo humwondolea mtu wajibu iwapo utekelezaji umekuwa muhali, au umegeuka kuwa jambo jingine kabisa. Kupanda kwa gharama peke yake hakutoshi. Madai yasiyozidi shilingi milioni moja yanaweza kupelekwa katika Mahakama ya Madai Madogo, pale ilipo.

Hata hivyo, mlango wa fikihi haujafungwa. Kifungu cha 159 cha Katiba kinahimiza upatanishi na usuluhishi, na Sheria ya Usuluhishi ya mwaka 1995 huwaruhusu wahusika kuchagua kanuni zitakazotumiwa na msuluhishi wao. Waislamu wawili, au Mwislamu na jirani yake asiye Mwislamu, wakiafikiana kwa maandishi kwamba mzozo wao utaamuliwa na msuluhishi kwa kanuni za salam au za ijara, makubaliano hayo yana uzito kisheria.

Kwa hivyo ile amri ya kuandika mikataba ina faida yake hapa. Karatasi inayotaja kiasi, ubora, tarehe, pesa zilizolipwa, na kitakachofanyika soko likifungwa au ugonjwa ukizuka, humkinga mkulima na mfanyabiashara kwa pamoja. Aliyelipa Februari atajua mapema kwamba mahindi yakikosekana atapata pesa zake bila nyongeza, au atangoje msimu mwingine. Naye mkulima atajua kwamba zile pesa, hata baada ya janga, bado ni deni shingoni mwake, na kwamba mwenzake anawajibika kumngoja iwapo kweli hana.